Kuutafuta Uwanja wa Saosao: Tujifunze kwa Ebenezeri



Ebenezeri ni jina tunalolijua sote, hata kwa watoto tuliowabatiza. Lakini katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 4, Ebenezeri ni mahali walipopiga kambi Waisraeli, wakashindwa na Wafilisti na kunyang'anywa Sanduku la Agano. Jiwe lenye jina hilo Samweli analisimamisha baadaye, mlango wa 7, kati ya Mispa na Sheni. Anayefuata jina peke yake hapo amekwisha kupotea.

Moshe Kochavi na Israel Finkelstein, waliochimba Izbet Sartah miaka ya 1970, walikuwa na kitu cha kushika: Afeki, kambi ya Wafilisti, penye chemchemi za mto Yarkoni. Kijiji walichokifukua kiko ukingoni mwa milima, kama kilomita 3 mashariki ya Afeki. Kochavi alipendekeza kuwa ndicho Ebenezeri. Hoja yake ilisimama juu ya ardhi: jeshi linaloteremka kutoka milimani kuikabili Afeki lingetua wapi?

Swali hilo nalileta Nyamira. Profesa William Ochieng', katika kitabu chake cha 1974 juu ya historia ya Abagusii, anaviweka vita vya Saosao, kati ya Abagusii na Wakipsigis, karibu na 1892. Wapiganaji wa Kipsigis waliangamia vibaya kando ya mto Charachani. Wakipsigis nao wanalikumbuka janga hilo kwa jina la Mogori. Tukisema "kando ya Charachani" tumetaja mto mzima. Na tukiwauliza wazee wa Kitutu, upande wa Abagusii, pekee, tutapata nusu ya ushahidi, tena nusu ya mshindi.

Mshindi hukumbuka alikosimama. Aliyeshindwa hukumbuka njia: alipovuka akija, alipozuiwa akikimbia, ndugu yake alipoangukia. Kwa kutafuta mahali, kumbukumbu ya pili ndiyo yenye thamani zaidi, nayo iko Kericho na Bomet. Huko pia marika yanatusaidia kuhesabu miaka, kwa kuwa mzee akitaja rika la waliokufa ametupa kipindi.

Jembe halitatusaidia sana. Mkuki ni chuma, na chuma kilikuwa mali, hakikuachwa majanini. Mashamba yetu yamegawanywa vipande vidogo, yakalimwa, yakapandwa majani chai. Kilichobaki ni maji na miinuko. Kundi la wapiganaji, na hasa likiwa na ng'ombe, halivuki mto popote. Linavuka kwenye kivuko. Kwa hiyo tuanze na vivuko vya zamani vya Charachani, kabla ya madaraja, tuviandike kwa majina yake ya Ekegusii na ya Kipsigis. Kisha tuulize ebisarate, kambi za vijana waliolinda ng'ombe, zilikuwa upande gani wa kivuko kipi. Pale majina mawili ya lugha mbili yatakapokutana kwenye ukingo mmoja, ndipo tuanze kusogeza vidole kwenye ramani.

Ninaomba jambo moja kwa moyo wote. Asije mtu akasimamisha mnara kwanza na kutafuta ushahidi baadaye, maana mnara ukishasimama wazee huanza kuukumbuka. Na siku ya kwenda ukingoni, twendeni na walimu wenzetu kutoka ng'ambo ya mpaka, Kericho na Bomet. Wafu walioko pale wengi ni wa kwao.