Wimbo Usiosikika Maneno: Kuitetea Blackwater Park

Mhadhiri wa fonetiki akipewa uprofesa hutegemewa asimame hapa azungumzie irabu. Irabu zitakuja, msiwe na shaka. Ila leo nitazifikia kwa kupitia Stockholm, kwa kundi la Opeth na albamu yao ya tano, Blackwater Park, iliyotoka mwaka 2001.

Aliyenichokoza ni mwenzangu mmoja wa fasihi, ambaye namheshimu na ambaye namwona amekaa safu ya tatu. Katika semina ya ndaki alisema kwamba wimbo ni shairi lililopewa sauti. Usipolisikia shairi, ulichonacho ni kelele. Mfano wake ulikuwa deth metali, muziki wa watu wanaobweka. Ukumbi ukaangua kicheko. Sikujibu, maana mwenyekiti alikwisha kuanza kutazama saa. Leo saa ni yangu.

Usuli nitaupita mbio. Florida ya miaka ya themanini, Chuck Schuldiner na kundi lake la Death, Cynic na Focus ya 1993, namna vijana wa Uswidi walivyouchukua muziki ule wakauchanganya na roki progresivu ya wazee wao: wanaoyajua wanayajua, na wasioyajua hawatapungukiwa na kitu jioni hii.

Nianze na hilo la shairi, kwa sababu ndilo kosa kubwa, na ni kosa la wasomi zaidi kuliko la wasikilizaji. Sisi wa vyuo tumezoea kuandika maneno ya nyimbo karatasini, tukayachambua vina na mafumbo, kisha tukadhani tumeuchambua wimbo. Msikilizaji wa kawaida hajawahi kuwa mjinga kiasi hicho. Tazameni Unguja. Ikhwani Safaa waliasisiwa mwaka 1905, na taarabu yao ya mwanzo iliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya watu ambao wengi wao hawakukijua Kiarabu cha kuimbia. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, Kiswahili kikapata heshima yake, na sote tunamshukuru. Je, kabla ya hapo wale waungwana walikuwa wakisikiliza kelele zilizovaa tarbushi? Mwenzangu akubali hilo, au aiache nadharia yake.

Au njooni Dar es Salaam. Vizazi vizima vimewalilia Franco na Tabu Ley kwa Kilingala ambacho havikukielewa. Tena hata katika dansi letu wenyewe, lenye maneno yanayosikika vizuri, ukumbi hausimami kwa sababu ya ubeti. Unasimama pale ubeti unapokwisha, magitaa yanapoingia kwenye chemko, mwimbaji akarudi nyuma kufuta jasho. Nadharia inayosema kwamba kilele cha wimbo kiko mahali ambapo wimbo umekwisha kufa ni nadharia yenye matatizo.

Na iko hoja ambayo naitaja kwa adabu, kwa sababu ni ya ibada. Mwambao wetu unaijua zikri ya kukohoa. Jina Tukufu hutamkwa na kutamkwa tena mpaka linakuwa pumzi, mkoromo wa kifua unaokwenda kwa mdundo mmoja. Silinganishi ibada na burudani, Mungu aepushe. Nasema tu kwamba masikio ya pwani yamejua siku nyingi kwamba koo la binadamu linaweza kubeba maana bila kuimba kwa sauti nyororo, na hakuna anayetoka pale akilalamika kwamba hakusikia silabi.

Sasa irabu. Katika koromeo tuna nyuzi sauti, zile zinazotetemeka tunaposema au kuimba. Juu yake kuna mikunjo mingine, nyuzi sauti bandia, ambayo kwa kawaida hukaa kando. Mngurumaji wa deth metali huileta katikati ikatetemeka pamoja na zile za chini, bila mpangilio ule wa sawasawa unaotupa noti. Waimbaji wa Tuva wanaoimba kargyraa hutumia mikunjo hiyohiyo, ila wao huipa mpangilio, ndiyo maana sauti yao huzama chini bila kupoteza noti. Kinachopotea katika mngurumo, basi, ni kidatu. Irabu hazipotei! Irabu hutengenezwa na ulimi, midomo na uwazi wa kinywa, na hivyo vyote viko huru. Mnaobisha, mwambieni jirani yenu siri sasa hivi kwa kunong'ona. Mnong'ono hauna kidatu hata chembe, na umbea wote wa dunia umesafiri kwa njia hiyo bila kupoteza neno. Asiyesikia maneno ya Mikael Åkerfeldt, mwimbaji wa Opeth, kwa mara ya kwanza hana tofauti na asiyezoea lafudhi ya Kimakunduchi: anahitaji muda, na pengine unyenyekevu kidogo.

Naongeza kwamba Kiswahili, lugha isiyo na toni, kingeumia kidogo sana kwa mngurumo kuliko jamaa zake wengi wa Kibantu. Nimelisema hili kwenye makongamano mawili matatu na watu wakadhani natania. Sitanii.

Kama mngurumo unaondoa kidatu, unaleta nini? Hapa ndipo Blackwater Park inapokuwa hoja kuliko nilivyo mimi. Nilikutana nayo Göteborg, nikiwa mwanafunzi wa udhamini. Jirani yangu wa bweni alinipa CD, akaniambia ilirekodiwa mjini humohumo, Studio Fredman, mwaka 2000. Steven Wilson wa Porcupine Tree, Mwingereza, alishiriki kuitayarisha, akaongeza piano na sauti yake. Wanamuziki ni wanne: Åkerfeldt na Peter Lindgren kwenye magitaa, Martín Méndez kwenye besi na Martin Lopez kwenye ngoma, hao wawili wa mwisho wakiwa na asili ya Uruguay. Na kundi liliingia studio bila maneno kuandikwa! Muziki ulikuja kwanza, maneno yakafuata. Kwa nadharia ya mwenzangu, walikwenda kurekodi mashairi ambayo hayakuwepo.

Wimbo wa kwanza, The Leper Affinity, una zaidi ya dakika 10. Unaanza na mvumo unaopanda polepole, kisha magitaa yanapasuka na mngurumo unaingia. Kwa muda mrefu huna noti ya kushikilia kwenye sauti ya mtu: ngoma zinakuburuza, koo linagonga pale pale Lopez anapogonga, na sikio linaanza kuwa na njaa. Halafu vishindo vinakatika, gitaa kavu linabaki, na mtu anaimba. Ni sauti ya wastani tu, ya kijana mpole, ambayo kwenye albamu nyingine ningeipita. Hapa inakuja kama funda la kwanza la maji ya futari. Anayeimba ni Åkerfeldt yuleyule.

Niliporudi nyumbani nilimpigia shangazi yangu wimbo huu, Tanga, akiwa anachambua mchele barazani. Mwanzoni aliuliza, "Mwanangu, huyu anaumwa nini?" Sauti laini ilipoingia, mkono ukasimama juu ya ungo. "Yule mkali kaenda wapi?" Mngurumo uliporudi akatikisa kichwa: "Kumbe alijificha tu. Huyu mpole anamwombea msamaha, na yule hataki." Hakujua neno hata moja la Kiingereza kilichoimbwa. Alikwisha kuusoma muundo wa kazi nzima, na nimesoma tahakiki nyingi ambazo hazikufika pale.

The Drapery Falls inaugeuza mpango huo: karibu nusu nzima ni sauti laini, mngurumo unakuja ukiwa umeshasahau kuutarajia, na uzi wa gitaa wa mwanzo unarudi mwishoni. Bleak inaishia kwa sauti kuchakaa na kukatwa ghafla, kana kwamba mtu amechomoa waya. Harvest haina mngurumo kabisa, na nasema kwa kusisitiza kwamba ukiitoa ukaisikiliza peke yake ni wimbo mzuri wa kawaida. Uzito wake unatokana na kilichoitangulia. The Funeral Portrait sitaitetea. Imekaa pale kwa mazoea.

Jambo moja la pembeni, kwa wanahistoria. Jina Opeth limetoka kwenye The Sunbird, riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1972, inayobuni mji uliopotea huko Botswana, uliojengwa na watu wa Carthage. Ni ndugu wa ule uzushi kwamba Zimbabwe Kuu haikujengwa na Waafrika. Uzushi huo ulishapatiwa jibu na wanaakiolojia, na palepale Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya Kilwa. Nafarijika kwamba Botswana ya kweli leo ina makundi yake ya deth metali, Wrust na Overthrust, yanayonguruma vizuri bila msaada wa Carthage.

Namkubalia mwenzangu kitu kimoja: mngurumo mtupu, wimbo baada ya wimbo, huchosha, na albamu nyingi za aina hii ni za kuchosha. Lakini kinyume chake nacho tumekiona. Baada ya Watershed ya 2008, Opeth waliacha kunguruma kwenye albamu zao. Kuanzia Heritage ya 2011 walitoa albamu nne za sauti laini tupu, zenye ustadi mkubwa, na kwa sikio langu kila moja ina kiti kimoja kitupu. Mngurumo ulirudi mwaka 2024, kwenye The Last Will and Testament. Sikushangaa.

Naomba Idara ya Muziki iiweke Blackwater Park kwenye orodha ya kusikilizwa, yote, bila kurukaruka. Na mwenzangu wa safu ya tatu namwalika ofisini kwangu Jumatatu. Spika ninazo, chai ipo, ni dakika 67 tu, na karatasi ya maneno nitaikalia mpaka gitaa la mwisho linyamaze.