Usiache Kazi Yako Ndani ya Chromebook

Nilikuwa nimepanga tuongee juu ya chaja na usafi wa kioo. Hayo nitayapitia, lakini kwanza niseme linaloniudhi, maana wiki haipiti bila kukutana na mtu aliyepoteza kazi yake yote kwenye Chromebook.

Wa karibuni ni mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha VICOBA. Mashine yake ilikuwa nzito, akampelekea fundi. Fundi hakuuliza kitu. Alibonyeza Ctrl, Alt, Shift na R kwenye ukurasa wa kuingilia, akakubali Powerwash, yaani kufuta kila kilicho ndani, na muda si mrefu mashine ikawa nyepesi kama imetoka dukani leo. Mama akalipa, akashukuru, akaenda zake. Usiku anafungua daftari la kikundi: hakuna hisa, hakuna mikopo, hakuna marejesho ya mtu hata mmoja. Na wanachama wanakutana Jumamosi.

Nikamuuliza, "Mama, daftari hilo ulikuwa unalihifadhi wapi?" Akanijibu, "Si humo humo kwenye kompyuta, mwanangu."

Humo humo! Jamani, tumeshasema sana. Chromebook zilipoanza kuuzwa mwaka 2011 zilikusudiwa mtu anayefanyia kazi ndani ya kivinjari, na mafaili yake yakae kwenye akaunti yake ya Google, si kwenye mashine. Ndiyo maana hifadhi yake ya ndani ni ndogo. Nyingi zilizoko mitaani zina GB 32, na nyingine 16 tu. Ile folda iliyoandikwa Downloads ni mahali pa kupitia. Faili ulilotumiwa WhatsApp huangukia humo, picha ya skrini huangukia humo, na nyinyi mnaanza kujenga maisha humo. Mwalimu anaweka azimio la kazi la mwaka mzima humo. Mwanafunzi anaweka ripoti ya mafunzo kwa vitendo humo, sura ya kwanza hadi ya tano.

Halafu likitokea la kutokea mnakimbilia kwa fundi mkidhani atayarudisha. Kwa kompyuta nyingine fundi huweza kuchomoa diski, akaifunga kwenye mashine nyingine na kuokoa kitu. Kwenye Chromebook nyingi hifadhi imechomelewa kwenye bodi. Na hata angeweza kuitoa, mafaili ya kila mtumiaji yamefungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti na nywila yake. Ukishafanya Powerwash, ufunguo umekwenda. Anayekuambia leta hela nikurudishie, mkimbie.

Sasa fanyeni hivi, na mfanye leo. Fungua programu ya mafaili. Upande wa kushoto utaona Downloads, na chini yake Google Drive. Chukua kila kilicho cha maana kwenye Downloads, kihamishie Drive. Kisha nenda kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya vipakuliwa, ubadilishe mahali pa kuhifadhi, uchague folda ndani ya Drive. Google wanakupa GB 15 bila malipo, ingawa barua pepe na picha zako zinakula humo humo. Kwa madaftari na barua zinatosha sana.

Lakini sikilizeni hapa. Kuweka faili kwenye Drive wakati bando limekwisha si sawa na kwamba limeshafika. Linakaa ndani ya mashine likisubiri mtandao. Nimemwona kijana amehamisha kila kitu vizuri, mtandao haupo, akafuta mashine papo hapo ili aiuze. Kwa hiyo kabla hujampa fundi au mnunuzi, washa hotspoti ya simu, subiri, halafu fungua Drive kwenye simu yako uyaone mafaili kwa macho yako, na uyafungue.

Kuna kosa jingine la namna hii hii: kuingia kama mgeni. Dada mmoja aliazima mashine ya rafiki yake ili ajaze maombi ya mkopo wa chuo. Akaingia kama mgeni, jambo zuri, kwa sababu hutakiwi kuacha akaunti yako kwenye mashine ya mtu. Akapakua fomu, akaskani vyeti, akaskani cheti cha kuzaliwa, akavipanga vizuri kwa majina, akafunga ili aje amalizie kesho. Kesho yake folda tupu. Mgeni akitoka, kila alichoacha kinafutwa, na hivyo ndivyo ilivyotengenezwa kufanya. Ukiingia kama mgeni, jitumie mafaili kwa barua pepe au yaweke kwenye flashi kabla hujatoka. Na flashi nayo, iondoe kwanza kwenye programu ya mafaili ndipo uichomoe.

Sasa yale niliyoahidi. Chaja: tumieni yenye nguvu iliyoandikwa kwa mashine hiyo. Nyingi za sasa hutaka wati 45 za USB-C, na chaja ndogo ya simu itakuchosha bure. Kioo kifuteni kwa kitambaa laini, na msifunge mfuniko mkiwa mmesahau kalamu juu ya kibodi; vioo vingi hupasuka hivyo. Mashine ya RAM ya GB 4 usiifungulie vichupo thelathini halafu uilaumu kuwa nzito. Funga usivyotumia, na mara nyingi hutahitaji fundi kabisa.

Kwa wanaonunua mitumba, kabla hujatoa hela fungua mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu ChromeOS, tazama tarehe ya mwisho ya masasisho. Aina zilizotoka kuanzia mwaka 2021 zina miaka 10, lakini inahesabiwa tangu aina hiyo ilipotolewa, si tangu siku uliyoinunua. Na muuzaji aifanyie Powerwash mbele yako, kisha iunganishwe na mtandao. Ikikuambia inasimamiwa na shule fulani ya ng'ambo, irudishe hapo hapo. Hiyo bado imefungwa na wenyewe, na kila ukiifuta itarudi kwao.

Ipo na hii ya mafundi wanaoiweka mashine katika hali ya wasanidi. Kila ukiiwasha inakupa onyo kwamba uhakiki umezimwa. Mtoto akigusa kitufe cha nafasi kisha Enter, kila kilicho ndani kinafutwa. Mtoto! Mashine ya nyumbani, yenye kazi yako, inayofutika kwa vitufe viwili. Kama yako inaonyesha onyo hilo, hamisha kazi yako yote kwanza, kisha mwambie fundi airudishe katika hali ya kawaida.

La mwisho, nywila. Umesahau nywila ya Google, umeibadilisha kwa simu, unarudi kwenye Chromebook, nayo inakuuliza ile ya zamani. Watu wanakasirika, wanabonyeza kitufe cha kuendelea bila ya zamani. Kwenye mashine yenye toleo la zamani la mfumo, hapo ndipo yaliyo ndani yanapoondoka. Usibonyeze. Zima mashine, kaa chini, jaribu kukumbuka, uliza nyumbani kama kuna mtu aliyeiandika kwenye daftari. Huna haraka, mashine itakusubiri hata mwezi.