Tiki Moja: Tufanye Nini Netiwaki Isipofika

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano mbele ya baraza la wakaazi wa Malindi na Magarini. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria, na kwa ajili ya wale ambao hawakupata habari za baraza kwa wakati.



Nianze kwa kuungama kosa langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilituma tangazo la kuahirisha mkutano wa kukusanya maoni. Nililituma jioni kwa WhatsApp, kwa watu wa vijiji kadhaa upande wa Ganze, kisha nikaenda kulala. Asubuhi yake wazee walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakingoja kikao ambacho hakikuwapo. Baadhi yao walitoka nyumbani alfajiri kwa miguu. Nilipoifungua simu yangu niliona tiki moja, tiki moja, tiki moja. Ujumbe ulitoka kwangu, lakini kwao haukufika. Mimi nilishahesabu kazi imekwisha.

Mama mmoja aliniambia, bila hasira, kwamba mahali pao pa kupigia simu ni juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na usiku hakuna anayekwenda huko. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kila ninapokwenda: hapa kwenu netiwaki iko wapi? Leo nataka tulizungumze jambo hili, kwa sababu si la starehe tena.

Mkulima aliyesajiliwa kupata mbolea ya ruzuku hungoja ujumbe mfupi kwenye simu yake. Wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa simu mnamo Septemba 2023, wakati serikali ya kitaifa ilipozindua mpango wa wahudumu 100,000 nchini. Programu wanayotumia inaweza kuhifadhi habari bila mtandao, lakini lazima ifike siku simu ipate netiwaki ndipo habari hizo zitumwe. Mama akishikwa na uchungu usiku, bodaboda huitwa kwa simu. Kwa hivyo tukisema netiwaki hakuna, tunasema pia mbolea, daktari na usafiri viko mbali zaidi.

SIMU HUSIKIA VIPI

Tuna mfano mzuri hapa hapa nyumbani. Pale Ngomeni, Waitaliano walijenga kituo cha anga za juu katika miaka ya 1960. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini, ikapewa jina letu la Kiswahili, Uhuru. Watu hujiuliza: inakuwaje madishi ya Ngomeni yasikie chombo kilicho mamia ya kilomita angani, na simu yangu isisikie mnara ulio ng'ambo ya kilima? Jibu ni njia. Kati ya dishi na anga hakuna kitu. Kati yako na mnara kuna kilima, msitu, ukuta na paa.

Mnara wa simu, ambao wengi wetu huuita busta, hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hudhoofika kadiri yanavyosafiri, na kila kizuizi huyapunguza. Tena mazungumzo ni ya pande mbili. Mnara una nguvu na umesimama juu, lakini simu yako ni ndogo na ina betri ndogo. Ndiyo maana wakati mwingine unaona vijiti viwili vya netiwaki na bado simu haitoki: wewe unausikia mnara, mnara haukusikii wewe.

Baharini hali ni tofauti. Hakuna kilima, lakini dunia ina mviringo. Mnara wa mita 40 ufukweni huona upeo wa kilomita 20 na kitu. Ukivuka hapo, mnara unazama nyuma ya maji kama ufuo unavyozama. Wavuvi wetu wanalijua hili bila kufundishwa. Ninalowaomba ni hili: simu isiwe kinga pekee. Kabla ya kutoka, mwambieni katibu wa BMU mnaelekea wapi na mnatarajia kurudi saa ngapi.

ANZA NA KILICHO MKONONI

Kabla hujanunua simu mpya, fanya majaribio matatu.

La kwanza, linganisha. Simama mahali pamoja na jirani mwenye laini ya kampuni ile ile. Yake ikishika na yako isishike, ugonjwa uko kwenye simu au laini yako. Zote zikikosa, ugonjwa uko mahali au kwenye mnara.

La pili, badilisha laini. Tia laini yako kwenye simu ya mwenzako. Ikifanya kazi kule, laini ni nzima. Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada, nao ni hewa ya chumvi. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au anayeweka simu mfukoni akivua, atakuta kutu kwenye kijisahani cha laini. Zima simu, toa laini, ipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Usikwaruze kwa kisu.

La tatu, ingia kwenye mipangilio ya simu, utafute sehemu ya aina ya mtandao. Simu nyingi za kisasa hung'ang'ania 4G hata pale ilipo dhaifu. Ukiwa mahali pabaya na unachotaka ni kupiga simu, kutuma ujumbe mfupi au kutuma pesa kwa menyu ya kawaida, chagua 2G au 3G. Huduma hizo hazihitaji 4G. Utaokoa chaji pia, kwa sababu simu inayotafuta netiwaki kutwa nzima hujimaliza betri bila kutumiwa. Ukirudi mjini, usisahau kurudisha 4G, usije ukasema bando limeibwa kasi.

Na kama ni jambo la dharura na simu inakatakata, tuma ujumbe mfupi wa kawaida, usitume WhatsApp. Ujumbe mfupi ni mzigo mwepesi. Hupenya pale ambapo sauti inashindwa, na mpokeaji akiwa nje ya netiwaki, mtambo wa kampuni hujaribu tena baadaye.

Neno moja kuhusu simu za bei ya kutupa. Mwishoni mwa Septemba 2012, simu bandia zipatazo milioni 1.9 zilizimwa nchini Kenya. Simu ya namna hiyo mara nyingi huwa na antena hafifu. Unaokoa shilingi siku ya kununua, kisha unalipa kila siku kwa kupanda kichuguu.

NYUMBA NA ARDHI

Paa la mabati hulinda mvua, lakini pia hurudisha mawimbi. Ukuta mnene wa matumbawe, kama wa nyumba za kale za Malindi, huyanyonya. Makuti makavu hayana neno, ila yakilowa hunyonya kidogo. Kwa hivyo ndani ya nyumba ya mabati, mahali pazuri ni karibu na dirisha au mlango unaotazama upande wa mnara. Zunguka ndani ukiangalia. Hatua mbili tu zinaweza kubadilisha hali. Ukishapajua, iweke simu hapo usiku ikiwa na sauti ya kuita, si chini ya mto.

Mwenye simu ya Android anaweza kupima. Fungua mipangilio, sehemu ya habari za simu, kisha hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Ikiwa kwenye -70 au -80, uko vizuri. Ikifika -100, utababaisha. Ikipita -110, hapo karibu hakuna kitu. Namba hii ni ya kweli kuliko vijiti, kwa sababu kila mtengenezaji huchora vijiti apendavyo.

Kuna vijana wanaouziwa vifaa vya kuongeza netiwaki vya kubandika juu ya paa. Tahadharini. Kifaa ambacho hakijaidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano kinaweza kuuvuruga mnara na kuwaharibia majirani wote. Unavuta kamba kwako, mtaa mzima unaanguka.

MNARA UKIZIMIKA

Kuna siku netiwaki huondoka mahali ilipokuwapo. Sababu kubwa ni umeme. Mnara una betri, na mingine ina jenereta, lakini akiba hiyo ina mwisho. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, minara ilianza kunyamaza mmoja baada ya mwingine kadiri saa zilivyopita. Na mvua za Novemba mwaka huo zilipokata barabara ya Kilifi na Malindi pale daraja la Mbogolo, tuliona jinsi ilivyo vigumu kwa gari lolote kupita, pamoja na la fundi na la mafuta.

Sababu nyingine iko chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua hapa kwetu. Siku kama hiyo simu za kawaida huendelea, lakini picha na video hukwama. Ukiona hivyo, usibadilishe mipangilio ya simu yako ovyo. Ngoja, na tumia ujumbe mfupi.

MALALAMIKO YANAYOSIKIKA

Sasa tuje kwenye kiini. Kuna mahali ambapo umefanya majaribio yote, jirani naye amefanya, na ukweli ni kwamba mnara haufiki. Hapo mnatuuliza sisi: kaunti inangoja nini?

Nitasema wazi. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, mawasiliano ya simu ni kazi ya serikali ya kitaifa, na leseni za kampuni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kaunti haijengi minara wala haiwezi kuiamuru kampuni ijenge. Kaunti huhusika na kibali cha ujenzi, barabara ya kufikia mahali penyewe, na kuwasilisha sauti zenu. Msimamizi wa wadi akikwambia mnara unakuja mwezi ujao, muulize nani kampa habari hiyo.

Lakini kuna mlango wa kubisha. Kampuni hujenga mahali penye wateja wengi, kwa sababu ni biashara. Kwa ajili ya mahali ambapo biashara haifiki, sheria iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote. Kampuni za mawasiliano huuchangia nusu ya asilimia moja ya mapato yao ya mwaka, na fedha hizo ni za kupeleka huduma kule kusikofikiwa. Mapengo hayo huhesabiwa kwa kata ndogo. Ndiyo maana kusema "huku kwetu Magarini hakuna netiwaki" hakusaidii. Magarini ni kubwa, na mjini kuna netiwaki. Anayesoma atafunga faili.

Malalamiko yenye nguvu yana mambo sita. Jina la kijiji na kata ndogo. Jina la kampuni. Tarehe na saa. Aina ya tatizo: hakuna kabisa, inakatika, au sauti iko ila intaneti haiko. Namba ya dBm kama unaweza kuipata. Na kile kilicho karibu: shule, zahanati, kisima, bandari ya wavuvi. Hilo la mwisho msilidharau. Zahanati isiyoweza kupigiwa simu ina uzito kuliko maneno elfu.

Anza na huduma kwa wateja wa kampuni yako, na usikate simu kabla hujapewa namba ya malalamiko. Iandike. Wasipokujibu au wasipotatua, peleka malalamiko yale yale kwa Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na namba hiyo. Bila namba, utaambiwa urudi uanze upya. Na watu ishirini wa kijiji kimoja wakilalamika kila mmoja kwa namba yake, hao si mtu mmoja mwenye simu mbovu tena.

Kama kampuni nyingine inashika kijijini kwenu na yako haishiki, tangu Aprili 2011 una haki ya kuhama na namba yako ile ile. Uliza jirani kwanza, kisha uhame.

Kwa upande wangu, nimejiwekea sharti. Tangazo linalohusu siku, mahali au hatari halitoki kwa WhatsApp peke yake. Linakwenda pia kwa ujumbe mfupi, kwa redio zinazosikika kwetu, na kwa mdomo kupitia kwa wazee wa vijiji, misikiti na makanisa. Nanyi nawaomba hivi: aliyepata ujumbe ampelekee jirani ambaye hana simu, au ambaye simu yake iko kimya. Na mkiona tangazo langu limewafikia siku imeshapita, msininyamazie. Niambieni ni kijiji gani, nilitie kwenye orodha.

Wale wazee wa chini ya mwembe nilirudi kuwaomba radhi. Walinisamehe, wakanipa na maji ya dafu. Kisha mmoja akanionyesha kichuguu chao na kunipandisha juu. Nikapata vijiti viwili. Nikaiandika namba ya dBm pale juu, nikashuka, nikaiandika tena mlangoni pa nyumba. Malalamiko ya kijiji kile yalianzia hapo, kwa namba mbili kwenye karatasi.

Sasa nani ataanza? Nitajieni kijiji na kata ndogo, nami nina kalamu.