Bunduki ya Vita Kufanywa ya Mawindo

Jioni hii nataka kuwaeleza kazi ya mikono ambayo watu wengi wa Marekani waliifanya majumbani mwao baada ya vile vita vikuu viwili. Walinunua kwa bei rahisi bunduki za askari ambazo serikali haikuzihitaji tena, wakazigeuza ziwe za kuwindia ayala. Ayala ni mnyama wa porini anayefanana kidogo na kulungu wetu, lakini pembe za dume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota tena.

Desturi hiyo ilikuwako hata kabla ya vita hivyo. Theodore Roosevelt alipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kuwinda, alikuwa na bunduki ya Springfield ya namna ya 1903, aina ile ile ya askari wa Marekani, ila ubao wake ulikuwa umetengenezwa upya kwa kumfaa yeye.

Pengine mtauliza, kwa nini kuibadili? Bunduki ya askari imefunikwa ubao karibu mpaka mdomoni, ili mkono usiungue kasiba ipatapo moto kwa risasi nyingi. Tena ina mahali pa kutia singe. Uzito wake ni karibu ratli 9. Lakini mwindaji hutembea mchana kutwa, na labda hupiga risasi moja tu. Kwa hiyo fundi hukata ubao wa mbele, huondoa vyuma vya singe, hulainisha mti kwa msasa, kisha huupaka mafuta ya kitani mara nyingi, akingoja kila mara ukauke.

Kazi hiyo yapendeza macho. Lakini fundi mwenye akili hakuanza na msumeno. Alianza kwa kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: je, chuma ni kizima? Zamani, katika karakana ya serikali mjini Springfield, mafundi walipima moto wa chuma kwa kutazama rangi yake kwa macho tu. Siku ya jua kali chuma kilionekana hakijaiva, wakakizidishia moto, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama chungu. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka usoni pa wapigaji. Mwaka 1918 njia ya kuchoma chuma ilibadilishwa. Lakini bunduki za 1903 za karakana hiyo zenye namba chini ya 800,000 zahofiwa hata leo, na ubao mzuri hauponyi chuma kibovu. Hapana budi fundi wa bunduki aikague kwanza.

Swali la pili: je, risasi gani? Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa kadhaa yaliahidiana kutotumia vitani risasi zinazopanuka mwilini. Kwa hiyo risasi ya askari hufunikwa yote kwa ganda gumu. Huweza kumpenya ayala ikatokea upande wa pili, naye akakimbia na jeraha, akafa mbali kwa maumivu, nyama ikapotea bure. Ndiyo sababu sheria za sehemu nyingi za Marekani humwamuru mwindaji atumie risasi yenye ncha laini, inayopanuka na kuua upesi. Basi, lile lililokatazwa vitani kwa huruma, mwituni laamriwa kwa huruma.

Swali la tatu: je, kitu hiki chaweza kurudishwa? Wakati ule bunduki hizo zilikuwa nyingi kama kuni, wala hakuna aliyejali. Leo zile zilizobaki kama zilivyotoka kwa askari hutafutwa sana, na mara nyingi bei yake hupita ya zile zilizokatwa. Wengi hujuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na ubao uliokatwa haurefuki.

Nanyi, wanafunzi wangu, ambao labda hamtashika bunduki maishani mwenu, mtashika jembe, patasi na cherehani. Kabla ya kubadili chombo chochote, jueni kwanza kilifanywa kwa kazi gani, kina nguvu kiasi gani, na nani ataumia mkikosea. Ndipo mshike msumeno.