NAKALA YA SIMU YAKO NI MALI YA NANI?

(Maneno tuliyosema katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Zamani mfanya kazi akidai haki yake aliulizwa, "Barua iko wapi?" Siku hizi nyapara haandiki barua. Hutuma habari kwa simu: "Njoo Jumapili, ovataimu italipwa." Na malipo ya wengi wetu hupita kwa M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007. Basi ushahidi wetu umo ndani ya kitu kinachoweza kuanguka majini au kuibwa katika matatu.

Mwenzetu mmoja alikuja ofisini kudai malipo ya Jumapili saba. Simu yake ilikuwa imeibwa, wala hakuwa na nakala. Mwajiri alikana, nasi hatukuwa na la kuonyesha. Ndiyo maana leo tunasema nanyi mambo matatu.

La kwanza ni akiba. Simu ya Android huweka nakala katika akaunti ya Google, na iPhone katika iCloud. Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, Apple GB 5. Tazama katika mipangilio ya simu yako kama kazi hiyo imewashwa. WhatsApp ina nakala yake mbali. Tangu mwaka 2021 mtu aweza kuifunga kwa neno la siri. Lakini ukilisahau, hata wenye WhatsApp hawawezi kukufungulia.

La pili ni kuhamisha. Ukipata simu mpya, hamisha kwanza, hakikisha vyote vimefika, ndipo uifute ile ya zamani kabla ya kuiuza. Na PIN ya M-Pesa usimpe mtu, hata fundi.

La tatu ndilo zito. Waajiri wengine hutaka tuweke programu katika simu zetu wenyewe, wapate kuona tulipo na tunayofanya. Mtu huambiwa, "Tia sahihi, ama hakuna kazi." Je, hiyo ni idhini? Sisi tunasema siyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano yetu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini iwe ya hiari, mtu ajue anakubali nini, tena aweza kuiondoa wakati wowote. Ni juu ya mwenye kuchukua habari kuthibitisha kwamba ulikubali.

Hatusemi kila uangalizi ni mbaya. Simu nyingi za Android zaweza kugawanywa pande mbili, upande wa kazi na upande wako, na mwajiri asione picha zako wala habari za nyumbani. Mwajiri mwema atakubali njia hiyo.

Basi kabla ya sahihi, uliza: Mtachukua nini? Nani atakisoma? Mtakiweka mpaka lini? Saa za kazi zikiisha, uangalizi nao utaisha? Ukikosa jibu, usitie sahihi peke yako. Leta karatasi ofisini tuisome pamoja. Mazungumzo yakishindikana, tutakusaidia kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Ndugu, akiba haiozi. Leo kabla ya kulala, weka nakala ya simu yako, nayo iwe yako wewe.