Ramani za Zamani na Mifongo ya Kilimanjaro

Ndugu wajumbe wa kamati za maji,

Tumeombwa tuseme machache juu ya ramani za zamani. Katika mikutano ya vijiji mtu hufungua ramani mezani na kusema, "Mfongo wenu haumo humu, basi haukuwapo." Tuseme mapema kwamba hoja hiyo haisimami.

Ramani tunazokutana nazo zaidi ni za skeli ya 1:50,000, yaani sentimita moja ni nusu kilomita ardhini. Zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege. Kwa mito mikubwa zinatusaidia sana. Weruweru, Kikafu na Karanga imo, na mistari ya kontua inaonyesha jinsi makorongo yanavyoshuka kutoka msituni hadi tambarare.

Lakini mfongo ni mfereji ambao mtu huuvuka kwa hatua moja, nao hupita chini ya migomba na mibuni, kihamba hadi kihamba. Ndege ikipita juu huona majani. Tena upana wa mita moja katika skeli hiyo ni sehemu ya hamsini ya milimita. Kalamu gani itauchora? Hata zile mita 60 za kingo za mto, zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ni milimita moja na kidogo tu. Kwa hiyo ugomvi wa shamba na mto upimwe ardhini kwa futi kamba, si kwa rula juu ya karatasi.

Angalieni pia pembezoni. Mwaka wa kuchapwa si mwaka wa picha. Ramani iliyotokana na picha za miaka ya 1950 haina bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, wala hatujasikia mtu akidai bwawa hilo halipo!

Tunawaomba kabla ya kiangazi mtembee na wazee wa mfongo kuanzia kwenye banio hadi kihamba cha mwisho, mkiuchora juu ya nakala ya ramani. Akina mama wa huku chini wawepo, maana wao ndio wanaojua maji hukatika mwezi gani. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Nyingine iambatanishwe na maombi ya kibali cha kutumia maji, yanayopelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.