Harufu ya Petroli Katika Gari Kuukuu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za gari kuukuu linalokula petroli nyingi na kutoa harufu yake. Huenda mtu akasema, "Mimi sina gari, neno hili lanihusu nini?" Walakini viko vijiji vyenye gari la namna hiyo, la shule au la zahanati, na petroli yake hununuliwa kwa fedha za watu wote. Fedha hizo zikipungua, hutafutwa mtu wa kulaumiwa. Ndivyo ilivyotupata sisi.

Shule moja huku Momela, chini ya Mlima Meru, ilipata Land Rover ya zamani iliyokuwa imefanya kazi miaka mingi Tanga. Wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu walikuwa wakijifunza kufundisha katika shule hiyo, basi nasi tulipanda gari lile mara nyingi tukienda kuwatazama. Haukupita muda mrefu, hesabu ya petroli ikawa kubwa mno. Kamati ikaketi, na wengi wakamdhania dereva kuwa auza petroli njiani. Nasi tulikuwa miongoni mwa hao wengi, haifai kulificha. Mzee yule hakugombana na mtu. Alisema tu, "Walimu wangu, njooni mnuse."

Kabla ya kunusa tulipima, maana dhana si hesabu. Tulijaza tangi mpaka shingoni huko Usa River, gari likiwa mahali palipo sawa, tukaandika namba ya kilomita. Mwalimu mmoja akaketi kando ya dereva safari zote, na usiku ufunguo ukalala kwake. Gari lilipokwisha kwenda kilomita 140 tulirudi kwenye pampu ile ile, tukajaza tena mpaka pale pale. Ziliingia lita 35. Yaani lita moja ilitupeleka kilomita nne tu, wala hapakuwa na mwizi.

Hapo ndipo tulipokubali kunusa. Jambo la kwanza la kuangalia ni wakati harufu inapokuja. Ikiwa gari limelala usiku kucha, na asubuhi kabla ya kuwashwa lanuka, yafaa kutazama tangi, kifuniko chake, mabomba, na mipira iliyopasuka kwa uzee. Ikiwa harufu yaja injini inapokwenda, tazama pampu na kabureta. Ikiwa yatoka nyuma, katika bomba la moshi, na moshi wenyewe ni mweusi, petroli haivuji. Yaingia katika injini kupita kiasi na kutoka bila kuungua vema. Kadhalika chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Oili ikinuka petroli, usiendeshe gari, maana oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, na vyuma husagana.

Tunaomba hapa mtusikilize sana. Mtu asitafute mvujo kwa kiberiti wala kwa taa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini, hutambaa sakafuni na kutulia mashimoni, nawe huuoni. Tumia tochi, uiwashe ungali mbali, na gari liwe nje penye upepo. Sigara ziachwe kabisa.

Land Rover yetu ilinuka nyuma, na plagi zake zilipotolewa zilikuwa nyeusi kwa masizi, hali plagi ya injini nzima huwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Fundi akatueleza sababu ambayo sisi, tuliofundisha jiografia miaka mingi, tungalipaswa kuijua. Injini huchoma petroli iliyochanganyika na hewa, na kwa kila kilo moja ya petroli huhitaji kadiri ya kilo 15 za hewa. Katika gari la zamani kazi ya kuchanganya ni ya kabureta. Hewa hupita katika koo yake nyembamba, nayo hufyonza petroli kwa tundu dogo liitwalo jeti. Tundu hilo halijui gari liko wapi. Tanga i kando ya bahari. Momela i kadiri ya meta 1,500 juu yake, na uzito wa hewa huku umepungua karibu sehemu moja katika saba. Petroli nayo hupungua, lakini si kwa kadiri hiyo, na kwa hiyo inazidi hewa. Magari mapya hupima hewa yenyewe kwa kompyuta ndogo. La zamani huhitaji fundi alitilie jeti ndogo zaidi. Nalo likirudi pwani, jeti ya kwanza irudishwe, kwani petroli ikipungua mno injini hupata joto la kuiharibu.

Hata hivyo mlima peke yake haukuweza kula petroli yote ile. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi la barabara zetu, vumbi jepesi la majivu ya volkano, na oili iliyo chini yake imekuwa kama tope. Waya wa choki ulikuwa umekwama nusu. Nani asiyeivuta choki katika baridi ya asubuhi ya Meru? Tena ndani ya kabureta, sindano ya boya, ambayo kazi yake ni kuizuia petroli chumba kikijaa, ilikuwa imelika, nayo petroli ikafurika ovyo.

Fundi alibadili sindano na jeti, akaosha chujio na kutia oili mpya, akailegeza choki. Hatukuona vema kuacha hapo, kwa kuwa gari laweza kula petroli pasipo harufu yo yote. Basi tukatia tairi upepo, na baada ya safari tukagusa vikombe vya magurudumu. Kimoja kilikuwa na moto kuliko vingine, kumbe breki yake ilikuwa yashika daima.

Tukapima tena, njia ile ile, kilomita 140. Ziliingia lita 23.

Mzee dereva tulimwomba radhi mbele ya kamati ile ile iliyomshitaki. Alikubali, kisha akaomba anunuliwe daftari, ili kila lita na kila kilomita iandikwe. Sasa lakaa chini ya kiti chake, pamoja na kalamu ya risasi, na kila Ijumaa hulileta ofisini tulitie sahihi.